Itasambaa au haitasambaa? Jibu limo ndani ya kinyama

Mwanamke akishaambiwa kuwa uvimbe uliomo kwenye titi lake ni saratani, ndugu waliomsindikiza kliniki huuliza jambo moja kabla ya yote: imesambaa? Hilo lina vipimo vyake. Kifua hupigwa picha, ini hutazamwa kwa ultrasaundi, kwapa hupapaswa. Gumu ni swali linalofuata, ambalo wengi hulimeza: kama haijasambaa leo, je, itasambaa kesho? Madaktari wamelihangaikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 130. Na kila jibu walilolishika, liwe la kweli au la makosa, wanawake ndio waliolilipia kwa miili yao.

Mwaka 1894, daktari mpasuaji William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alichapisha taarifa ya wagonjwa 50 aliowafanyia upasuaji wake mkubwa wa titi. Aliondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani, vyote kwa pamoja. Mgonjwa aliyepona kidonda alibaki na shimo chini ya mtulinga, ngozi ikiwa imelala moja kwa moja juu ya mbavu, na mara nyingi mkono uliovimba ukawa mzito kwa maisha yake yote. Halsted hakuwa mkatili. Alikuwa mpasuaji makini kupita wengi wa zama zake, na glavu za mpira zilianza kutumika katika chumba chake cha upasuaji. Ila aliamini kwamba saratani hutoka kwenye titi, hupita kwenye mishipa ya limfu, hufika kwapani, kisha husonga mbele kwa utaratibu, kituo hadi kituo. Ukikata kupita pale ilipofika, umeikomesha. Ikirudi, basi hukukata vya kutosha.

Fikra hiyo ilitawala vyumba vya upasuaji kwa miaka zaidi ya 70. Baadhi ya madaktari waliendelea kupanua upasuaji, wakafuata tezi za ndani ya kifua na hata za shingoni. Wanawake walikuwa wakilazwa bila kujua kama uvimbe wao ni saratani au si saratani. Mpasuaji alichukua kipande, kikapimwa papo hapo, na kama ni saratani, titi liliondolewa kabla mgonjwa hajazinduka. Wengi walipofumbua macho walipeleka mkono kifuani ili kujua majibu yao.

Kinachouma ni kwamba miaka mitano kabla ya taarifa ya Halsted, daktari mmoja wa London alikuwa ameshaonyesha kuwa mambo hayaendi kwa utaratibu huo. Stephen Paget alikusanya kumbukumbu za uchunguzi wa maiti za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akatazama ugonjwa ulikuwa umefika wapi mwilini. Makala yake ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1889. Kama saratani ingekuwa inafuata damu tu na kutua popote inapopelekwa, viungo vyenye damu nyingi vingeumwa kwa kiasi kinachokaribiana. Haikuwa hivyo. Ini lilikutwa na saratani mara nyingi mno, lakini bandama, ambayo nayo hupokea damu nyingi, ilikutwa nayo mara chache sana. Mifupa fulani ilishambuliwa, mingine ikaachwa. Paget alilieleza jambo hilo kwa mfano wa mkulima: mbegu inaweza kuanguka kokote, lakini huota penye udongo unaoikubali. Seli ya saratani ndiyo mbegu, na kiungo inachotua ndicho udongo.

Makala hiyo ilikaa muda mrefu bila kupewa uzito. Ilipofika mwaka 1970, mtafiti Isaiah Fidler wa Marekani aliingiza kwenye damu ya panya seli za saratani zilizotiwa alama, akazifuatilia. Baada ya saa 24, zilizobaki hai zilikuwa chini ya seli moja kati ya elfu. Kwa hiyo kusafiri si kazi kubwa kwa saratani. Kazi kubwa ni kufika, kukubaliwa na kuanza maisha mapya. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na seli za saratani katika damu yake leo na asiugue tena, na mwingine aliyedhaniwa amepona akarudiwa na ugonjwa kwenye mifupa baada ya miaka 15.

Mtu aliyeivunja imani ya Halsted naye alikuwa mpasuaji, Bernard Fisher wa Pittsburgh. Alitaka swali liamuliwe kwa ushahidi, umaarufu wa profesa usiwe na kauli. Mwaka 1971 yeye na wenzake nchini Marekani na Kanada walianza utafiti ulioitwa B-04. Wanawake 1,079 ambao tezi zao za kwapani hazikuonekana kuwa na ugonjwa kwa kupapaswa waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifanyiwa upasuaji wa Halsted. La pili liliondolewa titi peke yake, kisha likapigwa mionzi. La tatu liliondolewa titi peke yake, tezi zikaachwa mahali pake. Nani aingie kundi gani, si daktari aliyeamua wala si mgonjwa. Iliamua kura.

Hapa ni lazima nisimame kidogo. Mwanamke huyo ndiyo kwanza ameambiwa ana saratani, na daktari anamwambia: hatujui ni upasuaji gani ulio bora, tunakuomba ukubali upangiwe kwa kura. Tumezoea kumtaka daktari awe na hakika, na daktari naye amezoea kuonekana anayo. Kukiri mbele ya mgonjwa kuwa hakuna ajuaye ilikuwa jambo zito, na wapasuaji wengi walikataa kabisa kushiriki. Wanawake waliokubali hatuyajui majina yao. Lakini kila mwanamke wa Nairobi, Kampala au Dodoma ambaye leo anaondolewa uvimbe na kubaki na misuli ya kifua chake, ananufaika na uamuzi wao. Kwa maoni yangu, ushujaa wao haupungui hata kidogo ukiwekwa kando ya ule wa madaktari.

Matokeo ya B-04 yalifuatiliwa kwa miaka 25, na hayakuonyesha tofauti ya maana katika kuishi kati ya makundi yale matatu. Ndani yake mna jambo moja ambalo kila nikilisoma linanishangaza. Katika kundi la Halsted, tezi zilizoondolewa zilipopimwa, karibu wanawake 40 kati ya 100 walikutwa na saratani kwapani ingawa daktari alikuwa hajaihisi kwa vidole. Kwa kuwa makundi yaligawanywa kwa kura, ni haki kuamini kwamba wale walioachiwa tezi zao nao walikuwa nayo kwa kiwango hicho hicho. Hata hivyo, waliokuja kuvimba kwapa na kuhitaji kuondolewa tezi baadaye hawakufika 20 kati ya 100. Na kuachiwa tezi hizo hakukuwafanya wafe zaidi ya wenzao.

Maana yake ni kubwa. Tezi ya kwapani yenye saratani ni ya kutoa habari. Inasema kwamba seli zimeshaanza safari, huenda ziko njiani kuelekea kwenye mapafu au mifupa. Kuing'oa tezi hakuzirudishi zilizokwisha kupita. Tangu hapo swali la wapasuaji likaanza kugeuka. Badala ya kuuliza tukate hadi wapi, wakaanza kuuliza mwili huu unatuambia nini kuhusu kesho.

Tafiti mbili zilizofuata zilimaliza ubishi. Fisher, katika utafiti wa B-06 ulioanza mwaka 1976, na Umberto Veronesi wa Milan, Italia, aliyeanza wake mwaka 1973 kwa wanawake 701, walilinganisha kuondoa titi lote na kuondoa uvimbe au sehemu ya titi tu. Majibu ya miaka 20 ya tafiti zote mbili yalichapishwa katika toleo moja la jarida la New England Journal of Medicine, Oktoba 2002. Kuishi kulikuwa sawa. Mionzi ndiyo iliyokuwa na kazi yake: katika B-06, waliotolewa uvimbe bila mionzi walirudiwa na saratani kwenye titi hilo hilo kwa asilimia 39, na waliopewa mionzi kwa asilimia 14. Katikati ya miaka ya 1990 ilijulikana hadharani kwamba katika hospitali moja ya Montreal iliyoshiriki, taarifa za baadhi ya wagonjwa zilikuwa zimeghushiwa. Taharuki ilikuwa kubwa, na Fisher mwenyewe aliondolewa kwenye uongozi kabla ya kusafishwa jina baadaye. Hesabu zilirudiwa bila wagonjwa wa hospitali hiyo, na jibu halikubadilika.

Kama tezi ni za kutoa habari, kwa nini ziondolewe zote? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapasuaji wa Marekani walianza kutafuta ile tezi moja au mbili zinazopokea maji ya limfu kabla ya nyingine, tezi mlinzi. Namna inavyofanyika inafaa kuelezwa. Mpasuaji anadunga rangi ya bluu karibu na uvimbe, anasugua titi kwa dakika kadhaa, kisha anakata mkato mdogo kwapani. Ndani ya mafuta ya manjano ya kwapa anatafuta uzi mwembamba wa bluu, ambao ni mshipa wa limfu uliobeba rangi. Anaufuata taratibu bila kuukata mpaka anaikuta tezi ndogo ikiwa imegeuka bluu. Hiyo ndiyo anayoitoa. Ikiwa safi, nyingine zinaachwa. Baadaye utafiti ulioitwa Z0011, uliohusisha wanawake 891, ulionyesha kwamba hata tezi mlinzi moja au mbili zikikutwa na saratani, mwanamke mwenye uvimbe mdogo atakayepata mionzi na dawa anaweza kuachiwa tezi zilizobaki. Baada ya miaka 10 walioachiwa hawakuwa nyuma ya walioondolewa. Kwa mwanamke anayebeba ndoo, anayetwanga, anayepalilia na kumbeba mtoto, kubaki na mkono usiovimba ni sawa na kubaki na riziki yake.

Kisu kilipopunguzwa, dripu zikaongezeka. Kama saratani husambaa mapema kupitia damu, ilionekana ni busara kumpa karibu kila mgonjwa dawa za kemo ili kuziua seli zilizokwisha kutoroka. Mwaka 2000 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilishauri wanawake wengi wenye uvimbe unaozidi sentimita moja wapewe kemo hata kama tezi zao ni safi. Kemo imeokoa watu wengi, na mwenye kuishauri hakosei. Lakini anayeijua anaijua: nywele zinadondoka, mdomo unatoka vidonda, chakula kinakuwa adui, damu inashuka, na dawa nyingine huudhuru moyo. Na miongoni mwa wanawake wenye tezi safi, wengi wasingerudiwa na ugonjwa hata bila kemo. Walikuwa wakiteswa kwa ajili ya wachache, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema wachache hao ni akina nani.

Jibu lilikuwa limekaa kwenye makabati ya maabara.

Kinyama, yaani kile kipande cha uvimbe kinachotolewa ili kipimwe, hakitupwi baada ya majibu kutoka. Kwanza hulowekwa kwenye fomalini ili kisioze. Kisha hukatwa kipande chembamba, kikawekwa ndani ya kijisanduku cha plastiki chenye matundu, kikapitishwa kwenye alkoholi hadi maji yote yatoke, na mwisho kikajazwa nta ya moto. Nta ikipoa hubaki kijitofali kidogo cheupe, kinyama kikionekana ndani yake kama doa. Fundi wa maabara hukikata kwa mashine yenye wembe mkali, vipande vyembamba kama mikroni nne, yaani sehemu nne za elfu za milimita. Kila kipande huelea juu ya maji ya uvuguvugu kikiwa karibu hakionekani, hadi kiopolewe kwa kioo cha slaidi. Kinatiwa rangi mbili: viini vya seli vinakuwa bluu ya zambarau, sehemu nyingine inakuwa waridi. Hapo ndipo daktari wa patholojia anaposogeza jicho kwenye hadubini. Kijitofali cha nta kinabaki, na kikitunzwa vizuri kinadumu kwa miongo.

Katika miaka ya 1980 kundi la Fisher liliendesha utafiti wa B-14, uliopima faida ya vidonge vya tamoksifeni kwa wanawake wenye tezi safi. Vijitofali vya wanawake hao vilitunzwa. Karibu miaka 20 baadaye watafiti walivifungua vya wagonjwa 668, wakapima jinsi jeni 21 zilivyokuwa zikifanya kazi ndani ya seli zile za zamani, wakalinganisha na kilichowapata wanawake wenyewe katika miaka 10 iliyofuata. Waliweza kuwatenga waliokuwa katika hatari ndogo ya saratani kusambaa na waliokuwa katika hatari kubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, na kipimo hicho kinaitwa Oncotype DX. Amsterdam nako, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uholanzi, watafiti walitumia vivimbe vilivyogandishwa na kupata jeni 70 zenye kutabiri kusambaa. Makala yao ilitoka mwaka 2002, na kipimo chao kinaitwa MammaPrint.

Kutabiri ni jambo moja, kumwambia mwanamke asichome kemo ni jingine. Ilibidi warudi kwenye kura. Utafiti wa TAILORx uliandikisha wanawake 10,273 kati ya mwaka 2006 na 2010 katika nchi sita, Peru ikiwa mojawapo. Sehemu ya fedha zake ilitoka kwenye stempu: posta ya Marekani huuza stempu maalumu ya saratani ya matiti kwa bei iliyozidi kidogo, na ziada huenda kwenye utafiti. Watu waliotuma barua waliulipia utafiti huu bila hata kuujua. Wanawake 6,711 waliokuwa na alama za kati za kipimo cha jeni 21 waligawanywa: wengine walipewa vidonge vya homoni peke yake, wengine vidonge pamoja na kemo. Baada ya miaka tisa, waliokuwa hai walikuwa takriban 94 kati ya 100 kila upande. Wenye umri wa miaka 50 kushuka chini, ambao alama zao zilikuwa upande wa juu wa kundi hilo, ndio walioonekana kupata faida kiasi kutokana na kemo. MINDACT, utafiti wa Ulaya wa wanawake 6,693, ulitoa habari inayofanana: kati ya wale ambao madaktari waliwaona wako hatarini kwa kutazama ukubwa wa uvimbe na tezi, karibu nusu, asilimia 46, walionyeshwa na kipimo cha jeni 70 kuwa wangeweza kuepushwa kemo.

Nimezitaja takwimu hizi kwa urefu kwa sababu watu hudhani sayansi ya saratani husonga mbele kwa kuongeza dawa tu. Katika saratani ya matiti, sehemu kubwa ya maendeleo ya nusu karne imekuwa ni kujua nani aachwe.

Lakini pia kuna wa kuandamwa zaidi. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walionyesha kwamba wanawake ambao seli zao za saratani zina nakala nyingi kupita kiasi za jeni iitwayo HER2 hurudiwa na ugonjwa mapema na kufa mapema. Mwanzoni ilikuwa habari mbaya tupu. Kisha alama hiyo ya hatari ikafanywa shabaha. Kingamwili iitwayo trastuzumabu ilitengenezwa ili ishike protini ya HER2 juu ya seli. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa walio na saratani iliyokwisha kusambaa, na mwaka 2005 tafiti zikaonyesha kuwa ikitolewa mapema hupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa karibu nusu. Aina ya saratani iliyokuwa ikiogopwa kuliko nyingi ikawa mojawapo ya zile zenye dawa yake maalumu. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaidhinisha kwa mara ya kwanza dawa inayofanana nayo, kwa maelezo kwamba dawa za aina hiyo kwa kawaida ni nafuu kwa asilimia 65 kuliko ile ya asili.

Vipimo vya jeni si pepo za kuagua. Vinasema kati ya wanawake 100 wenye uvimbe wa namna hii ni wangapi watarudiwa, havisemi kama wewe umo. Tena mbegu za Paget zina uvumilivu wa ajabu. Mwaka 2017 wataalamu wa takwimu wa Oxford na wenzao walichapisha uchambuzi wa wanawake 62,923 wenye saratani inayolishwa na homoni, waliomaliza miaka mitano ya vidonge wakiwa hawajarudiwa. Kati ya mwaka wa tano na wa ishirini, ugonjwa uliendelea kujitokeza mbali na titi, mwaka baada ya mwaka. Hata wale waliokuwa na uvimbe mdogo na tezi safi, 13 kati ya 100 walipatwa. Waliokuwa na uvimbe mkubwa zaidi na tezi nne hadi tisa zenye saratani, walifika 41. Seli zilikuwa zimelala mahali fulani mwilini miaka yote hiyo. Nini kinachozilaza, na nini kinachoziamsha, ndicho kinachotafutwa sasa katika maabara nyingi.

Kwetu Afrika Mashariki, kipimo cha jeni cha maelfu ya dola hakimo kwenye hesabu za familia nyingi. Lakini ingekuwa makosa kusema habari hii haituhusu. Kanda hii imeshawahi kuufundisha ulimwengu kuhusu saratani. Denis Burkitt alieleza vivimbe vya taya vya watoto akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, kisha mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaendesha gari karibu maili 10,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa huo unapatikana wapi. Vinyama vya watoto wa Uganda vilivyopelekwa London kwa ndege ndivyo vilivyofanya kirusi cha Epstein-Barr kigunduliwe mwaka 1964. Na kwa kuwa Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, watoto walitibiwa kwa dawa peke yake, baadhi wakapona, wakati wengi duniani hawakuamini kuwa saratani inaweza kupona kwa dawa.

Siku hizi ushahidi wetu wenyewe unaongezeka. Utafiti uitwao ABC-DO uliwafuatilia wanawake wenye saratani ya matiti wa Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini kwa kuwapigia simu kila baada ya miezi mitatu. Watafiti walikadiria kwamba kati ya vifo 28 na 37 katika kila 100 vingeweza kuzuilika kama uvimbe ungegunduliwa mapema na matibabu yakaboreshwa. Walihesabu pia watoto: kila wanawake 100 wenye umri chini ya miaka 50 waliokufa, waliacha watoto 210 bila mama.

Kuna utabiri mmoja tunaoumudu, nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Ni kupima kama seli za saratani zina vipokezi vya homoni ya estrojeni. Kipande kile kile cha mikroni nne hutiwa kingamwili, na seli zenye vipokezi hugeuka kahawia kwenye viini. Zikigeuka, mgonjwa anafaa kupewa tamoksifeni, vidonge vya bei nafuu vya kila siku. Vikimezwa kwa miaka mitano, vinapunguza vifo vya saratani hiyo kwa karibu theluthi katika miaka 15. Zisipogeuka, vidonge havitamsaidia.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba wanawake wa Kiafrika wengi hawana vipokezi hivyo. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti za bara zima na kuzipima upya. Palipotumika vinyama vilivyochukuliwa na kuandaliwa kwa ajili ya utafiti wenyewe, takriban wanawake 59 kati ya 100 wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa navyo. Palipotumika vijitofali vya zamani vya makabatini, kiwango kilishuka kwa kama asilimia 10. Inaelekea tofauti hiyo haikutoka kwenye miili ya wanawake, ilitoka kwenye namna kinyama kilivyotunzwa. Vipokezi huharibika upesi. Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu kitoke mwilini, kikae humo kwa saa zisizopungua sita wala kuzidi 72, na fomalini iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wake. Titi zima likitumbukizwa bila kupasuliwa, fomalini inapenya polepole mno, milimita moja hivi kwa saa, na katikati kunaoza huku nje kukiwa salama.

Ndugu wengi wamekwisha kukibeba kichupa hicho wenyewe, ndani ya mfuko, kwenye basi la usiku kutoka wilayani kwenda hospitali ya rufaa. Wengine walikipata kikiwa kwenye maji ya chumvi kwa sababu fomalini ilikuwa imekwisha. Kinyama kilichochelewa kinaweza kutoa jibu la uongo kwamba vipokezi havipo, na mwanamke akanyimwa vidonge vinavyomfaa, bila mtu yeyote kujua kuwa kosa lilitokea kabla kichupa hakijapanda basi.

Kwa hiyo mwenye mgonjwa ana haki ya kuuliza: kinyama kimewekwa kwenye nini, saa ngapi, na je, majibu yanataja vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni na HER2, au yanasema tu kwamba ni saratani? Kama yanasema saratani tu, kipande cha nta bado kipo maabara na kinaweza kukatwa tena. Na hospitali zetu zinaweza kuanza wiki hii. Fomu ya maabara tayari ina nafasi ya jina, umri na sehemu ya mwili. Iongezwe mistari miwili: saa kinyama kilipotoka mwilini, na saa kilipoingia kwenye fomalini.